Nyota ya Asubuhi na Kipimo cha Siku Nyingi: Historia ya Kuwapima Vijana Kitui na Makueni

Kila jamii ambayo uhai wake hutegemea shabaha, mbio na ustahimilivu wa vijana hulazimika kuamua mapema ni nani kati yao mwenye dalili za kufaa, afundishwe nini, na apandishwe lini kutoka daraja moja hadi lingine. Katika nchi ya Wakamba, na hasa katika sehemu ambazo leo ni kaunti za Kitui na Makueni, uamuzi huo umepitia mikono mitatu tangu karne ya 19: kwanza mikono ya wazee na viongozi wa misafara, kisha ya waandikishaji wa jeshi la kikoloni, na mwishowe ya walimu na makocha wa michezo. Waswahili husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na methali hiyo ina ukweli wake. Lakini historia ya Kitui na Makueni inafundisha kwamba mtazamaji huelekeza macho upande wa mbingu anaouhitaji, na kwamba hukumu juu ya kijana hukaribia haki pale anapotazamwa kwa muda mrefu, katika kazi nyingi, na watu watakaopata hasara wao wenyewe wakikosea.

Kipimo cha kwanza kiliwekwa na nchi yenyewe. Mapokeo ya Wakamba yanaeleza kwamba wahenga wao walipita nyanda za Kibwezi na vilima vya Nzaui kabla ya kukaa katika milima ya Mbooni, sehemu ambazo zote zimo katika Makueni ya leo, ingawa Makueni yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Baadaye makundi yalivuka mto Athi kuelekea mashariki na kuieneza jamii hiyo Kitui. Mbooni ilikuwa na mvua na chemchemi, ilhali Kitui na nyanda za chini za Makueni ni nchi kavu yenye misimu miwili ya mvua isiyoaminika, ambako mtama, uwele na kunde huweza kunyauka mwaka baada ya mwaka. Watu wa huko walijikinga na njaa, ambayo kwa Kikamba huitwa yua, kwa kuongeza juu ya kilimo ufugaji, urinaji wa asali, uwindaji na biashara ya mbali, na kwa kuwa kila riziki ilidai stadi yake, mtoto wa kiume hakuweza kupimwa kwa jambo moja.

Upimaji huo ulianza bila sherehe yoyote. Mvulana mdogo alikabidhiwa mbuzi wachache, kisha ng'ombe, na idadi ya wanyama waliorudi jioni ilimtolea taarifa kwa baba yake kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Nafaka ilipokaribia kukomaa, watoto waliamia ndege mashambani, wakipanda juu ya ulingo, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, na kurusha mawe na mabonge ya udongo kwa kombeo, kazi iliyowazoesha kukadiria umbali, upepo na mwendo wa kitu kirukacho. Upinde, unaoitwa uta kwa Kikamba, uliingia mkononi ukiwa mchezo na kukua pamoja na mwenyewe, hadi siku alipovaa thyaka, podo la mishale, neno lenye udugu na ziaka la Kiswahili. Mishale ya kuwindia ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na msunguti, na kwa kuwa sumu ndiyo iliyoua, mwindaji wa tembo alihitaji zaidi uwezo wa kunyatia karibu bila kusikika kuliko nguvu za misuli. Vivyo hivyo, mrina asali aliyepanda mti usiku, akishika kijinga cha moshi, kuufikia mzinga wa gogo, unaoitwa mwatu, alitakiwa awe na mikono isiyotetemeka anapoumwa na nyuki. Wazee waliweza hivyo kumjua kijana mwepesi lakini asiye na subira, na mwingine mzito wa mbio lakini asiyepoteza nyayo, na kila mmoja alikuwa na mahali pake.

Juu ya mazoea hayo ya kila siku ulijengwa mtihani rasmi, ambao ni nzaiko, yaani jando la Wakamba. Mtaalamu wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1916, alieleza kwamba kulikuwa na nzaiko ndogo, iliyohusu tohara yenyewe, na nzaiko kubwa, ambayo ilikuwa mafunzo ya siku kadhaa bila kukata tena. Katika nzaiko kubwa kila mwari alikuwa na mlezi wake, anayeitwa muvwikii, mwenye kazi iliyokaribia ile ya nyakanga wa pwani: alimfundisha, alimkinga na kumjibia. Wari walionyeshwa vijiti vilivyochorwa alama, wakatakiwa kuvifumbua kama vitendawili. Waliigiza uwindaji na uvamizi wa ng'ombe. Na waliamriwa kumkabili mbusya, yaani kifaru, ambaye kwa kweli alikuwa umbo la miti na matawi lililofichwa watu ndani yake, likitoa ngurumo ya kutisha. Mtihani huo ulipima ujasiri, lakini pia ulipima kama kijana husikiliza maelekezo, hukumbuka alichoambiwa na husimama pamoja na wenzake, kwa sababu aliyekimbia mbele ya kifaru wa miti asingeaminiwa mbele ya kifaru wa nyama na damu.

Baada ya nzaiko, ngazi iliendelea. Kijana aliyepevuka aliingia katika daraja la anake, ambao walicheza ngoma, walilinda mifugo na kwenda vitani. Akioa na kupata watoto alikuwa miongoni mwa nthele, na baadaye akaingia katika madaraja ya atumia, yaani wazee waliokata mashauri na kusimamia matambiko. Sifa zake nazo zilipanda kwa hatua, zikianzia utui, yaani mtaa wa familia zinazofahamiana, na kufika kivalo, eneo pana lililokusanya motui kadhaa katika ngoma na katika vita. Kwa kuwa Wakamba hawakuwa na wafalme, aliyeongoza msafara wa uwindaji, wa biashara au wa vita, anayeitwa muthiani, hakurithi cheo hicho bali alifuatwa kwa hiari na vijana walioamini kwamba angewarudisha nyumbani salama, naye kwa upande wake aliwachagua wale ambao jina lao lilikuwa limekwisha kutajwa vizuri kwenye thome, mahali pa moto wa wanaume nje ya boma. Hivyo kiongozi na wafuasi walipimana.

Mfumo huo ulifikia kilele chake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu kutoka Kitui ilipoteremka hadi Rabai na Mombasa. Mfanyabiashara mashuhuri wa zama hizo, Kivoi wa Kitui, alimpokea mmishenari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Krapf aliporudi mwaka 1851, msafara wao ulishambuliwa karibu na mto Tana na Kivoi akauawa. Habari hiyo inaonyesha uzito wa uchaguzi uliofanywa thome: katika nyika isiyo na maji, kati ya wanyama na maadui, kosa la kumchukua kijana asiyefaa lililipwa kwa maisha ya aliyechagua.

Ulinganisho na mchezo wa besiboli wa Marekani unaweza kumsaidia msomaji kuelewa kwa nini ngazi ndefu ni muhimu. Klabu kubwa za mchezo huo huwa na timu za madaraja ya chini zinazowaandalia wachezaji, mfumo uliojengwa na Branch Rickey wa St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, na chipukizi anayelinda uwanja wa nje, yaani eneo pana la nyuma ambako huangukia mipira iliyopigwa juu na mbali, hupimwa kwa mambo matano: kuupiga mpira kwa uhakika, kuupiga kwa nguvu, mbio, mkono wa kurusha, na ustadi wa kudaka. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, lakini klabu haitosheki na alama hizo, bali humwacha kijana acheze misimu kadhaa katika daraja moja baada ya jingine, kwa sababu mbio na nguvu za mkono huonekana siku ya kwanza, ilhali uwezo wa kujifunza kutokana na kosa huonekana kwa muda tu. Wazee wa Kitui na Mbooni, waliopima mkono kwa kombeo, jicho kwa upinde na moyo kwa mbusya, walikuwa wamelitambua jambo hilohilo.

Haifai, hata hivyo, kuusifu mfumo wa kale kana kwamba haukuwa na dosari. Kupanda katika madaraja ya wazee kulidai malipo ya mbuzi na pombe, na hivyo mtoto wa maskini mwenye akili angeweza kuchelewa nyuma ya mtoto wa tajiri. Wasichana, ambao walibeba kazi kubwa ya kilimo, maji na kuni, walipimwa kwa ndoa na uvumilivu, na nzaiko yao ilihusisha ukeketaji, desturi iliyowaumiza na ambayo sheria ya Kenya iliipiga marufuku kabisa mwaka 2011. Sehemu ya sifa za anake ilitokana na uvamizi wa majirani, na ushujaa wa upande mmoja ulikuwa kilio cha upande wa pili.

Kuanzia mwisho wa karne ya 19 mikono ya wapimaji ilibadilika. Wamishenari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895. Mahali pa vijiti vya vitendawili pakaingia vitabu, na vijana wakaanza kupangwa kwa uwezo wa kusoma. Utawala wa Waingereza nao ulihitaji miili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hasa katika uandikishaji mkubwa wa mwaka 1917, vijana wa Ukambani walichukuliwa pamoja na wa jamii nyingine kuwa wapagazi wa jeshi, kikosi ambacho jina lake la Kiingereza limebaki katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa maradhi na lishe mbaya. Mpimaji wa aina hiyo alitazama kama kijana aweza kubeba mzigo siku hiyo, na akifa, nafasi yake ilijazwa na mwingine. Hasara haikumgusa aliyemchagua.

Katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, uchaguzi ulikuwa wa makini zaidi lakini bado ulikuwa wa siku moja: kimo, kifua, meno na miguu. Kufikia Vita vya Pili vya Dunia maofisa walikuwa wamekwisha kuwahesabu Wakamba kuwa kabila la kiaskari kwa asili, nadharia ambayo iliugeuza ustadi uliofunzwa kwa miaka mingi kuwa tabia ya damu, na iliyowasahau wazee, walezi na njaa zilizoufunza. Hata hivyo waliopimwa walijifunza thamani yao. Mwaka 1938 serikali ilipowalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe, maandamano yaliyoongozwa na Muindi Mbingu yalifika Nairobi, na ingawa Muindi alihamishiwa Lamu, serikali iliacha upunguzaji wa lazima kabla ya mwaka huo kwisha, kwani ilijua ni vijana wa nani waliojaza safu za askari na polisi wake.

Baada ya Uhuru, jeshi, polisi na magereza vilikuwa pia milango ya wanariadha wa Kenya, na michezo ya shule ikaweka ngazi mpya kutoka zoni hadi taifa. Lakini macho ya watafutaji wa vipaji vya mbio yalielekea zaidi Bonde la Ufa, Iten na Eldoret, na Ukambani ukaonekana kama nchi ya ndondi na uaskari. Benson Masya, aliyezaliwa Kitui mwaka 1970, alianza katika ulingo wa ndondi, na kama angebaki na hukumu ya ulingo huo dunia isingemjua. Mwaka 1992, mjini Newcastle, alishinda mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 60 na sekunde 24, na kati ya 1991 na 1996 alitwaa mara nne mbio za Great North Run, kabla ya kufariki mwaka 2003. Kutoka Machakos jirani, Cosmas Ndeti alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Nyota hizo hazikuchelewa kuchomoza, ila wapimaji walikuwa wameelekeza macho kwingine.

Katiba ya mwaka 2010 imekabidhi michezo na utamaduni kwa serikali za kaunti, na kwa hiyo kazi ya kuwatazama vijana imerudi karibu na nyumbani kuliko ilivyokuwa kwa zaidi ya karne moja. Kaunti zinaweza kuendeleza kipimo cha mwandikishaji, kinachowakusanya vijana uwanjani asubuhi na kuwatawanya jioni, au zinaweza kujenga upya ngazi ambamo mwalimu, kocha na mzazi humfuata mtoto, msichana kwa mvulana, kwa miaka na katika michezo mingi. Mtoto aliyesimama juu ya ulingo akiwa na kombeo alitazamwa na watu ambao wangelala njaa kama mkono wake ungekosea, na kwa sababu hiyo walimfundisha kurusha tena siku iliyofuata.