Nani Anamkinga Sista? Historia ya Bima Iliyochelewa Kufika Wodini

Novemba 2007 nchi nzima ilishtushwa na habari kutoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuwa na maradhi ya kichwa akapasuliwa goti, na mwenye tatizo la goti akafunguliwa fuvu. Mjadala ulikuwa juu ya nani alikosea. Lakini tukio kama hilo huzaa swali la pili: familia ikidai fidia, nani atalipa, na mhudumu atakayetajwa katika madai atatetewa na nani? Kwa muuguzi, swali hilo lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa imeandikwa hapa hapa Dar es Salaam.

Tulianza na sheria ya kuazima. Chini ya utawala wa Waingereza, mahakama za Tanganyika zilipokea kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Wakati huo kesi ya Hillyer ya mwaka 1909 bado ilikuwa na nguvu. Kwa mujibu wake, muuguzi akiwa chumba cha upasuaji alihesabiwa kuwa chini ya daktari, na hospitali haikubebeshwa makosa yake ya kitaaluma. Madaktari wa Uingereza walikwisha kujiwekea kinga mapema, kupitia chama cha Medical Defence Union kilichoundwa London mwaka 1885. Ilipofika 1951, katika kesi ya Cassidy, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitamka kwamba hospitali inabeba dhima ya uzembe wa watumishi wake, madaktari kwa wauguzi.

Kwa hiyo Hospitali ya Princess Margaret, Muhimbili ya leo, ilipofunguliwa Upanga mwaka 1956, sista wa pale alikuwa na mgongo wa kuegemea, nao ni serikali iliyomwajiri.

Baada ya Uhuru mgongo huo ulizidi kuwa mpana. Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963. Azimio la Arusha la Februari 1967 likafuatwa na sheria iliyolikabidhi shirika hilo biashara yote ya bima nchini. Mwaka 1977 ikaja sheria ya hospitali binafsi, iliyopiga marufuku tiba ya kujipatia faida na kuziachia huduma hizo serikali na mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini. Mwajiri mkuu wa muuguzi akawa serikali, na mtoa bima akawa shirika la serikali hiyo hiyo. Katika mazingira hayo, muuguzi kukata bima yake mwenyewe ya dhima ya kitaaluma kungekuwa jambo la ajabu.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 sheria ya hospitali ilirekebishwa na tiba binafsi ikaruhusiwa tena. Mwaka 1996 Sheria ya Bima ikavunja ukiritimba wa NIC na kufungulia mlango kampuni binafsi. Kariakoo ni mahali pazuri pa kuyaona matokeo ya mabadiliko hayo mawili. Katika mitaa yenye maduka ya jumla kuna zahanati, maabara na kliniki, nyingine zikiwa ghorofani juu ya vitenge na vyombo vya plastiki. Muuguzi wa huko mwajiri wake ni mtu binafsi au kampuni ndogo, ambayo huenda ina bima ya dhima na huenda haina.

Mtazame kazini. Kabla ya kuchoma sindano anasoma jina kwenye kadi na kumwomba mgonjwa alitaje mwenyewe. Analinganisha chupa ya dawa na maandishi ya daktari, anapima dozi, kisha anaandika saa na kuweka sahihi. Mwenzake wa chumba cha upasuaji anahesabu gozi kwa sauti kabla jeraha halijafungwa. Sahihi ile na hesabu ile ndizo zitakazosomwa mbele ya hakimu mambo yakiharibika. Sheria yetu ya ukomo inampa mdai miaka mitatu kufungua kesi ya uzembe. Katika muda huo kliniki inaweza kuhama au kufungwa, na muuguzi akawa ameshaajiriwa kwingine.

Wengi huamini wamekwisha kukingwa kwa sababu makato yanaonekana kwenye mshahara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza mwaka 2001, hugharamia matibabu ya mwanachama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kwa michango ya waajiri, humfidia mfanyakazi aliyeumia kazini, kwa mfano aliyechomwa na sindano yenye damu. Yote miwili ni mizuri, lakini hakuna hata mmoja unaolipa pale anayedai ni mgonjwa.

Tunajua nchi hii inaweza kulazimisha bima inapoona hatari. Wenye magari wamebanwa tangu enzi za ukoloni. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaleta bima ya lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa kutoka nje, vyombo vya majini na vivuko. Orodha hiyo ililinda mali na vyombo. Mkono wa mtoa tiba haukutajwa. Uingereza, tulikoazima kanuni, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014: muuguzi asiye na kinga ya dhima, iwe ya mwajiri au yake, hapati usajili.

Nasi tuchukue hatua. Baraza la Uuguzi na Ukunga na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) wakae meza moja, kinga hii iingie katika masharti ya kuendesha kituo binafsi cha afya. Chama cha Wauguzi na TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, wanaweza kununua bima ya pamoja, maana hatari ikigawanywa kwa maelfu ya wanachama, mchango wa kila mmoja hupungua.

Wakati hayo yanasubiriwa, muuguzi anayepewa mkataba aulize mambo matatu. Je, kituo kina bima ya dhima, na inataja wauguzi? Inalipia wakili, au fidia pekee? Na madai yakija baada ya mimi kuondoka, itanitambua? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa bima nyingi za aina hii hulipa tu madai yanayowasilishwa zikiwa hai. Mwajiri asiye na majibu hajamweka muuguzi peke yake hatarini. Mgonjwa pia yumo, kwani hukumu ya fidia dhidi ya mtu asiye na uwezo wa kulipa haimtibu mtu.