Tarehe ya Hans Baumann na Mpira wa Mikono

Katika zama zile ambapo Ulaya ilikuwa ingali ikifukua vifusi vya vita, wajumbe wa mataifa manane walikutana Copenhagen, mwezi wa Julai 1946, wakaasisi Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono na kumkabidhi urais Gösta Björk wa Sweden; na baada ya miaka minne dhamana hiyo ikamfikia Hans Baumann wa Uswisi, akaishika hata 1971, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kubaleghe na kuoa.

Mchezo alioupokea sio huu tuujuao leo. Aghalabu ulichezwa nje, juu ya majani ya uwanja wa kandanda, watu kumi na mmoja kila upande, na fahari yake kuu ilikuwa Olimpiki ya Berlin ya 1936, Ujerumani ilipoishinda Austria 10 kwa 6 mbele ya halaiki kubwa. Lakini watu wa kaskazini, ambao theluji huwanyima viwanja miezi mingi, walikuwa wamekwisha uingiza ukumbini: saba kwa saba, uwanja wa mita 40 kwa 20, lango la upana wa mita 3. Humo mshambuliaji hana ruhusa ya kukanyaga ndani ya mstari wa mita 6. Basi huruka kutoka nje yake, akauachia mpira angali hewani, na miguu yake itakapotua, hukumu ya kipa imekwisha pita.

Mwaka 1954 Sweden ikaandaa mashindano ya dunia ya ukumbini, ya kwanza tangu 1938. Na mwaka 1957, huko Yugoslavia, wanawake nao wakapata ya kwao. Hatimaye, mwaka 1965, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilipokutana Madrid, ikaridhia mchezo huo urejee, nao ni ule wa ukumbini. Na mwaka uliofuata Austria ikaandaa mashindano ya dunia ya mwisho ya watu kumi na mmoja. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo heshima ya Baumann: chini ya uongozi wake mchezo ulikubali kuliacha umbo lililouletea sifa, na shirikisho lisivunjike.

Urais wake ulikoma mwaka mmoja kabla ya Munich 1972, ambako Yugoslavia ilitwaa dhahabu, na Tunisia, kutoka bara letu, ilikuwamo miongoni mwa timu 16. Wanawake walingojeshwa hata Montreal, 1976, na kucheleweshwa huko, waama, hakukuwa na udhuru.