Magamba ukutani: namna wavuvi wa Marekani walivyojifunza kurudisha samaki majini

Katika mji mdogo wa Port Aransas, pwani ya jimbo la Texas kusini mwa Marekani, kuna hoteli ya zamani inayoitwa Tarpon Inn. Kuta zake zimejaa magamba ya samaki, maelfu na maelfu. Juu ya gamba mvuvi aliandika jina lake, tarehe na ukubwa wa samaki aliyemkamata. Gamba moja ni la rais Franklin Roosevelt, aliyefika kuvua huko mwezi wa tano mwaka 1937. Leo kuta hizo ni kama daftari la mji. Zinaonyesha samaki walivyokuwa wengi zamani.

Samaki huyo ni tarponi. Ana rangi ya fedha, anaweza kupita urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100. Akinaswa na ndoano, anaruka juu ya maji mara kwa mara akitikisa kichwa, na wengi hujinasua hapo. Nyama yake ina miiba mingi, ndiyo maana Wamarekani wengi hawamli. Walimfuata kwa ajili ya mchezo tu.

Mchezo huo ulipata sifa mwaka 1885. Mwezi wa tatu wa mwaka huo, W. H. Wood alikamata tarponi wa kilo 42 hivi kwa fimbo na mshipi karibu na Punta Rassa, jimbo la Florida. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba samaki wa namna hiyo hawezi kushindwa kwa fimbo, ila kwa mkuki. Habari zilienea katika magazeti, hata Uingereza, na matajiri wakaanza kusafiri kwenda Florida. Huko Texas, mji wa Port Aransas wenyewe uliwahi kuitwa Tarpon, na tangu mwaka 1932 ulikuwa na mashindano ya kuvua samaki huyo.

Msimu wao ni kati ya mwezi wa nne na wa saba. Baridi inapokwisha na maji ya bahari kufika nyuzi 24 hivi, tarponi wanasogea karibu na pwani kwa makundi. Mahali panaposifiwa kuliko pote ni mlango wa bahari wa Boca Grande, Florida. Maji yanapokupwa kwa nguvu yanasukuma kaa kutoka ghubani kwenda baharini, na tarponi wanawangojea hapo. Wavuvi wanafuata joto la maji, kupwa na kujaa, pamoja na mwezi angani.

Lakini samaki hawaji kwa kula tu. Wanakusanyika wakijiandaa kutaga. Wakati wa mwezi mpevu ama mwezi mwandamo wanatoka kwenda bahari kuu, wanataga, na watoto wao wanarudi kukulia katika maji ya mikoko. Jike kubwa linaweza kutaga mayai milioni 12, lakini tarponi huchukua miaka kama 10 kabla ya kuanza kuzaa, na jike linaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo msimu unaompendeza mvuvi ndio ule ambao samaki ana hatari zaidi. Anayeuawa mwezi wa tano anakwenda na mayai yake.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Samaki walining'inizwa gatini, wakapigwa picha pamoja na mvuvi, kisha wakatupwa. Kufika miaka ya 1960, tarponi walikuwa wamepungua sana Texas. Uvuvi haukuwa sababu pekee. Mabwawa yaliyojengwa kwenye mito yalipunguza maji matamu yanayofika ghubani, mahali samaki wadogo wanapokulia. Waongozaji wa mashua waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo walilazimika kutafuta samaki wengine.

Florida ilichukua njia nyingine. Mwaka 1989 serikali ya jimbo iliweka kibali cha kulipia kwa yeyote anayetaka kubaki na tarponi. Mwaka 2013 ikaamua kwamba kila tarponi arudishwe majini, isipokuwa mvuvi mwenye kibali anayetafuta rekodi ya dunia. Waongozaji wengi walikuwa wamekwisha kuona faida yake: tarponi aliye hai anaweza kuvuliwa tena na mgeni mwingine, mwaka mwingine. Aliyekufa analipa mara moja tu.

Habari hii inagusa Congo pia. Tarponi huyohuyo anaishi upande wa Afrika, tangu Senegal hadi Angola, na pwani yetu fupi ya Muanda iko ndani ya eneo hilo. Rekodi ya dunia, karibu kilo 130, ilitoka Guinea-Bissau mwaka 2003. Mikoko ya Muanda, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ni aina ya makazi ambayo watoto wa tarponi wanahitaji.

Kwenye ziwa Tanganyika swali ni lilelile, lakini ni zito zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2021, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazae. Tajiri wa Florida akirudisha tarponi wake majini, anakwenda hotelini kula. Mvuvi wa Uvira, Baraka ama Kalemie akiambiwa asitupe wavu, watoto wake wanangojea chakula jioni hiyohiyo. Florida sheria ilishika kwa sababu waliotakiwa kuitii walibaki na kazi. Huku kwetu, kufunga ziwa bila kumwandalia mvuvi cha kufanya katika miezi hiyo mitatu ni kumsukuma avue usiku kwa kujificha.