Uhawilishaji wa Rehani: Haki ya Mkopeshaji Inapopata Mwenyewe Mpya

Mtu aliyekopa kwa kuweka hati ya nyumba yake akipata barua kwamba deni lake sasa liko kwa taasisi nyingine, swali la kwanza ni moja tu: nyumba yangu imeuzwa? Haijauzwa. Kilichohama ni haki ya mkopeshaji, yaani haki ya kudai marejesho pamoja na rehani inayolinda dai hilo. Nyumba bado ni ya mwenyewe, riba ni ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba, na muda wa kulipa haujapungua hata mwezi mmoja. Tendo hili naliita uhawilishaji wa rehani. Mkopeshaji anayetoa haki ni mhawilishi, anayeipokea ni mhawilishiwa.

Tuanze na rehani yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaeleza wazi kwamba rehani ni dhamana tu, haimhamishii mkopeshaji miliki ya ardhi. Benki inashika hati, jina lake linaandikwa kwa Msajili wa Hati, na mkopaji akishindwa kulipa inaweza kuuza baada ya kutoa notisi inayotakiwa. Lakini haimiliki nyumba. Kwa hiyo hata ikiamua kumpa mwingine nafasi yake, haiwezi kumpa nyumba ambayo yenyewe hainayo.

Kwenye kaunta za benki neno lililozoeleka ni kununua mkopo. Mfanyakazi mwenye deni benki moja anaambiwa na benki nyingine, njoo kwetu, tutaununua mkopo wako. Kinachofanyika hapo mara nyingi ni jambo jingine kabisa. Benki mpya inamkopesha upya, fedha zinakwenda moja kwa moja kumaliza deni la kwanza, rehani ya zamani inafutwa, kisha rehani mpya inaandikishwa. Deni la kwanza limekwisha. Katika uhawilishaji deni linaendelea kuishi, na rehani ni ile ile, ila anayedai ni mwingine.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Chukua nyumba iliyowekwa rehani mara mbili, benki ya kwanza ikaandikisha rehani yake 2018, ya pili 2021. Benki ya tatu ikilipa deni la ile ya kwanza, rehani ya 2018 ikafutwa na mpya ikaandikishwa, kwa kawaida inajikuta imepangwa nyuma ya ile ya 2021, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Ikihawilishiwa rehani ya 2018, inasimama pale pale iliposimama benki ya kwanza. Siku nyumba inapopigwa mnada na fedha zisitoshe wote, nafasi hiyo ndiyo inayoamua nani analipwa na nani anaondoka mikono mitupu. Tena rehani mpya inadai taratibu zote upya, ikiwemo ridhaa ya mwenza kama ni nyumba ya familia. Ndiyo maana neno kununua mkopo, japo linaeleweka na kila mtu, halifai kwenye mkataba: linafunika matendo mawili yenye matokeo tofauti.

Kwa nini basi nisiseme uhamisho? Kwa sababu kwenye ofisi za ardhi kuhamisha ni kuhamisha umiliki, na msomaji mwenye hofu atasikia hilo hilo. Uhaulishaji nao umeshachukuliwa. Ukilisikia kijijini, ni ardhi ya kijiji inayogeuzwa kuwa ya kundi jingine. Hawala iko karibu zaidi, lakini katika fikihi hawala ya deni humbadilisha mlipaji: mdaiwa anamwelekeza mdai wake akalipwe na mtu mwingine. Huku kwetu anayebadilika ni mdai. Neno kuhawilisha limebaki huru vya kutosha, na linajulikana na wengi kupitia uhawilishaji wa fedha kwa kaya maskini.

Jambo ambalo jina peke yake halitoshi kulieleza ni kwamba vitu viwili vinapaswa kusafiri pamoja: deni na rehani. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema tangu 1872, katika kesi ya Carpenter na Longan, kwamba rehani hulifuata deni. Karne iliyofuata mikopo ya nyumba nchini humo ikauzwa kwa mafungu makubwa, mara nyingine kutoka mkono hadi mkono bila makaratasi kuandamana nayo. Gharama yake ilionekana Massachusetts. Mkopo wa dola 103,500 uliotolewa Desemba 2005 kwa nyumba ya mjini Springfield ulipita kwa wakopeshaji kadhaa. Hati mojawapo ya uhawilishaji ilisainiwa huku nafasi ya jina la mpokeaji ikiachwa wazi, jina likagongwa muhuri baadaye. Benki ya U.S. Bank ikaipiga mnada nyumba hiyo Julai 2007. Hati iliyoandikwa kuihawilishia benki hiyo rehani yenyewe ilisainiwa Septemba 2008, miezi 14 baada ya mnada. Januari 2011 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba mnada ule ulikuwa batili, kwa kuwa benki haikuonyesha kwamba siku ile ilikuwa na rehani mkononi. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mtu asinyang'anywe nyumba na anayeahidi kuleta uthibitisho kesho.

Uhawilishaji hausubiri mkopeshaji peke yake. Sheria za ardhi za Tanzania na Kenya zinamruhusu mweka rehani kumwomba mkopeshaji kwa maandishi ahawilishe rehani kwa mtu anayemtaja, ila si wakati mkopeshaji ameshaishika mali. Haki hii haitangazwi, nami natamani kila mkopaji aijue, maana inampa njia ya kuhamia kwa mkopeshaji mwenye masharti nafuu bila kuivunja rehani na kuijenga upya.

Na aliyepata ile barua afanye nini? Kanuni ya zamani katika sheria zenye asili ya Kiingereza ni kwamba mdaiwa aliyemlipa mdai wa awali kabla ya kuarifiwa amelipa kihalali, na mhawilishiwa anachukua haki pamoja na kasoro zake: kama marejesho ya miezi mitatu yalikuwa yameshalipwa, hawezi kuyadai tena. Barua ya mgeni peke yake isimfanye mtu abadilishe akaunti ya malipo. Atake uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mkopeshaji aliyemjua, wenye salio la deni siku ya uhawilishaji, kisha alipie upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina la nani limeandikwa kwenye rehani ya nyumba yake.