Kutoka marufuku ya 1974 hadi simu chini ya blanketi

Wadau, ukishuka basi pale Bomang'ombe, njia panda ya kwenda Sanya Juu, jina la mji lenyewe ni somo. Boma hulaza ng'ombe usiku, lakini kukipambazuka lazima wachungwe. Nalikumbuka hilo kila nikisikia mzazi akisema dawa ya mtandao ni kumnyang'anya mtoto simu.

Nchi yetu imewahi kujaribu kufunga mlango. Kompyuta ya kwanza serikalini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu zikaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Sababu zilikuwa za kiuchumi, si watoto. Lakini mlango ulipofunguliwa, wazazi na walimu wengi walikutana na mashine hizi ukubwani, na hakuna aliyewafundisha.

Kuelekea mwaka 2000 zikaja intaneti kafe. Unalipia dakika, na kioo chako kinaonekana na kila apitaye nyuma yako. Hakuna aliyeupanga ulinzi huo, ila ulikuwepo: mwenye kafe, jirani wa kiti cha pili, saa ya kufunga. Julai 2009 mkongo wa Seacom ukaanza kazi Dar es Salaam, na simu nazo zikazidi kushuka bei. Kafe ikahamia mfukoni, kisha chini ya blanketi. Nyuma ya mtoto hapiti mtu tena.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ikaja mwaka 2015. Sisi wa magazeti tulikishikia bango kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo, na tulikuwa na haki. Lakini kifungu cha 13, kinachokataza picha za ngono za watoto, hatukukieleza vya kutosha kwa wazazi. Mwaka 2022 utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol ulionyesha kuwa watoto 4 katika kila 100 wanaotumia intaneti nchini, wa miaka 12 hadi 17, walifanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo kwenye shule moja yenye wanafunzi 500 wa umri huo, wote wakiwa na intaneti, ni watoto 20.

Mchezo wenyewe ni huu: mtu anajifanya rafiki, anaomba picha, akishaipata anatisha kuipeleka shuleni asipotumiwa hela au picha nyingine. Kitisho hicho hufanya kazi kwa sababu mtoto anawaogopa wa nyumbani kuliko anavyomwogopa huyo mtu. Kipigo tulichokiahidi sisi ndicho silaha yake.

Kwa hiyo hata bibi anayelea wajukuu pale Hai, wazazi wakiwa Dar, anaweza kufundisha somo hili bila kujua kufungua barua pepe. Anamjua mtu anayempa mtoto zawadi na kumwambia "usimwambie mtu". Aseme mapema, kabla halijatokea: "Mjukuu wangu, likikupata baya kwenye simu njoo kwangu, sitakupiga wala sitakunyang'anya."

Likitokea, msitume hela na msifute ujumbe, maana ni ushahidi. Pigeni 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nendeni dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Na wewe mwalimu, picha hiyo usiirushe kwenye kundi la walimu hata kwa nia njema. Kuisambaza nako ni kosa, na ni kumuumiza mtoto mara ya pili.

Marufuku ya 1974 haikutufundisha kuitumia kompyuta. Simu iliyofungiwa kabatini nayo haitamfundisha mtoto kumtambua tapeli. Tuwachunge jamani, tukiwa nao malishoni.