Idadi ya Wakazi kama Kigezo cha Hadhi ya Kijiji: Litowa na Sheria ya Vijiji ya 1975

Katika tasnifu nyingi zinazohusu vijiji vya Tanzania Bara, idadi ya wakazi hutajwa katika sura ya kwanza, pamoja na mipaka na mazao, kisha huachwa. Makala haya yanaichukulia idadi hiyo kuwa sharti la kisheria lililoamua ni makazi yapi yaitwe kijiji.

Litowa, wilayani Songea, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU waliokusudia kuishi na kulima pamoja. Baadaye ikawa kitovu cha jumuiya ya maendeleo ya Ruvuma, iliyojulikana kwa kifupi kama RDA, ambayo kufikia mwaka 1969 ilikuwa na vijiji 17. Vijiji hivyo vilikuwa na makumi ya familia, si mamia. Wanachama hawakuuona udogo huo kuwa kasoro. Mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi na kugawa mapato, na utaratibu wa namna hiyo huhitaji watu wanaojuana. Litowa iliendesha hata shule kwa ajili ya watoto wa vijiji vya jumuiya. Hadhi yake ilitokana na makubaliano ya wakazi, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake: Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA, na vijiji wanachama havikuwa na chombo cha kisheria cha kuvikinga.

Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa wananchi wote wa mashambani, na miaka miwili baadaye ikatungwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Kwa mujibu wake, eneo lingeweza kusajiliwa kuwa kijiji iwapo kaya zisizopungua 250 zimeweka makazi humo na mipaka yake inaainishika. Inafaa kutaja kwamba sheria hiyo, ingawa iliandikwa kwa Kiingereza, iliazima neno kaya. Miongoni mwa Wamijikenda neno hilo hutaja makazi mazima yenye boma. Katika sheria lilibaki na maana ya watu wa nyumba moja.

Tukikadiria watu watano kwa kila kaya, kiwango hicho ni takriban watu 1,250. Litowa ya miaka ya 1960, ambayo ilitajwa sana kuwa kielelezo cha ujamaa, isingekifikia.

Kwa mtafiti, kuna tahadhari ya kimbinu. Kati ya sensa ya 1967 na ile ya 1978 jina la kijiji laweza kubaki lilelile ilhali eneo linalohesabiwa limebadilika. Ongezeko linaloonekana huenda likawa la mipaka, wala si la uzazi au uhamiaji, na kulisoma vinginevyo ni kosa.

Athari zake zimefika hadi kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wakazi. Kitongoji hakina mamlaka hayo. Makazi madogo yaliyounganishwa na mengine ili kutimiza idadi hupitisha maombi yao ya ardhi katika halmashauri ya kijiji kinachoyajumuisha, hata pale wazee wanapoweza kuonyesha mipaka yao ya kabla ya 1975.