Upare na Taji la Uingereza (1916–1962)

Upare, yaani milima na tambarare za wilaya za leo za Same na Mwanga mkoani Kilimanjaro, ulikuwa chini ya taji la Uingereza tangu Mei 1916 hadi 9 Desemba 1962. Taji hilo liliingia kwa vita ya wageni, likatikiswa na wenyeji wasio na silaha, likaondoka kwa sheria.

Kutoka kwa Kaisari hadi kwa Mfalme

Ujerumani ilianza kudai himaya Afrika Mashariki mwaka 1885. Reli yake kutoka Tanga ilipita Same na Lembeni, ikafika Moshi mwaka 1911. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yaliifuata reli hiyo kutoka Moshi kushuka Upare, na Wajerumani wakarudi nyuma. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza Tanganyika iitawale kwa niaba yake. Mpare hakuulizwa.

Kuanzia 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, machifu walipewa mahakama, hazina na kazi ya kukusanya kodi. Hivyo amri ya Mfalme ilimfikia mwananchi kupitia kwa chifu wake mwenyewe.

Mgomo wa mbiru

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 walimtumikia Mfalme George VI jeshini. Wakati huohuo baraza la machifu wa Upare liliweka kodi mpya iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa kale wa watawala. Wananchi walikuwa radhi kulipa kodi ya kichwa. Walichokataa ni kukadiriwa mali zao kwa vipimo wasivyoviamini. Mwanzoni mwa 1945, vita ikiwa bado inaendelea, maelfu waliteremka milimani hadi bomani Same, wakapiga kambi. Wanawake wa Usangi nao waliandamana kuwaunga mkono waume zao. Hatimaye kodi ilifutwa. Ulikuwa ushindi mkubwa wa umoja na subira, na mwanahistoria Isaria Kimambo aliuandikia kitabu mwaka 1971.

Uhuru na mwisho wa taji

Tanganyika ilikabidhiwa kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, Uingereza ikiendelea kutawala.

Uhuru wa 9 Desemba 1961 haukuliondoa taji mara moja. Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na Januari 1962 akampisha Rashidi Kawawa. Lakini mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Jamhuri ilizaliwa 9 Desemba 1962, Nyerere akiwa Rais, na nchi ikabaki katika Jumuiya ya Madola. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu. Kwa hiyo, katika muda usiozidi miaka miwili na ushei tangu uhuru, ziliondoka ngazi zote mbili za utawala zilizoibeba mbiru: taji juu na kiti cha chifu chini.